Jirani Aliye Nje ya Picha

"Hakupiga deki yeye! Nasema hakupiga, na nitasema hivyohivyo hata mbele ya jaji!"

"Bi Schwilk, kibao kiko mlangoni kwangu tangu Jumamosi. Kibao kina miguu?"

"Kibao hakina miguu na yule binti hana mikono! Miaka miwili anakaa nyumba hii, miaka miwili anamwaga maji katikati ya ngazi kama anabatiza paka, pembeni hagusi. Leo uniambie pembe zote zimesuguliwa, visanduku vya barua vimefutwa, mpaka mkeka umekung'utwa? Mzee Renz, mimi si mtoto mdogo."

"Basi amejifunza. Watu hujifunza."

"Mtu hajifunzi siku ambayo hayupo!"

Inspekta Lore Ruoff alikuwa amesimama kwenye kidato cha kwanza, hati ya upekuzi mkononi, theluji iliyoyeyuka ikimchuruzika viatuni, na hakuna aliyemwona. Angeweza kukohoa. Hakukohoa. Alizaliwa mtaa huuhuu wa Heslach, na alijua kwamba watu wa Stuttgart wanaweza kukufichia maiti, lakini habari ya deki hawafichi. Ukitaka kumjua mtu wa mji huu, usimuulize mkewe. Muulize jirani yake wa ngazi moja.

"Nani hakuwepo?" aliuliza.

Wakageuka wote. Bi Schwilk, mjane wa ghorofa ya chini, alikuwa ameshika ufagio kama mlinzi wa lango. Mzee Renz wa ghorofa ya katikati, dereva wa tramu mstaafu, alikuwa na miwani puani na nyingine kaining'iniza shingoni. Juu yao kabisa, kwenye ngazi za mwisho, aliketi mwanamke kijana aliyevaa koti, kama abiria aliyeachwa na treni. Huyo alikuwa Eka Lomidze. Ndiye ambaye Ruoff alikuja kumpekua.

"Wewe nani?" akauliza Bi Schwilk.

"Polisi."

"Basi pangusa miguu."

Ruoff akapangusa. Hakuwa na muda wa kupangusa miguu. Hakuwa na muda wa kitu chochote. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Juu kilimani, Vaihingen, kulikuwa na taasisi ya utafiti iliyotengeneza viogeleaji vidogo mno, vijiskrubu vyembamba kuliko unywele, vyenye chuma ndani yake. Ukivizungushia sumaku kwa nje, navyo huzunguka, na vikizunguka huenda mbele majini. Walikuwa wakisema kwamba siku moja vitapita ndani ya mishipa ya damu kupeleka dawa. Viwili vilivyo bora kuliko vyote, vyenye ngozi ya nje aliyoibuni Eka mwenyewe, vilikuwa ndani ya kisahani kimoja cha kioo. Ijumaa kimoja kikapotea. Jumatatu kichupa kitupu cha maabara ile kikaokotwa ndani ya ndoo ya deki ya Eka, kwenye stoo ya chini ya nyumba hii. Alhamisi wakubwa wa taasisi wangekutana kumfukuza. Na Eka alikuwa Mgeorgia. Kibali chake cha kuishi Ujerumani kilishikiliwa na kazi ile kama shati linavyoshikiliwa na kifungo kimoja.

"Aliyeokota kichupa ni nani?" Ruoff aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi," akasema Bi Schwilk, kidevu juu.

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye ndoo ya mwenzio?"

"Nilikwenda kuona kama dekio limekamuliwa! Dekio lisipokamuliwa linanuka, na stoo yangu imepakana na yake. Ndani ya ndoo nikaona kichupa. Nikasema, haya, sasa anatuletea na vidudu."

"Humpendi Bi Lomidze."

"Anaacha mchanga kwenye pembe."

"Watu wamewahi kumtilia mtu kitu kwenye ndoo kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Mzee Renz akacheka mpaka miwani ya shingoni ikatikisika. Bi Schwilk akageuka mwekundu.

"Mimi? Nimtilie? Mwanangu, kama ningetaka kumwondoa, ningemwandikia mwenye nyumba. Nishamwandikia mara nne! Mimi nasema mambo usoni. Na usoni nakwambia, Jumamosi huyu hakupiga deki."

Ruoff akazitazama ngazi. Alikuwa amekuja akimshuku mwanamke huyu, kwa sababu mwenye kuokota mara nyingi ndiye mwenye kuweka. Lakini mtu aliyemtilia mwenzake ushahidi hasimami ngazini kupiga kelele kwamba mwenzake hakuwepo. Shuku ile ikafa pale pale, na miguu ya Ruoff ikaanza kuwasha kutaka kwenda mahali pengine.

"Jumamosi ulikuwa wapi?" akamuuliza Eka.

"Ulm. Kwa binamu yangu, alijifungua. Niliondoka alfajiri, nikarudi Jumapili. Tiketi ninayo." Sauti yake ilikuwa imechoka kujieleza. "Deki nilisahau. Kweli nilisahau. Niliporudi nikaona kibao hakipo mlangoni kwangu, nikadhani Mzee Renz amenihurumia."

"Mimi? Na mgongo huu?" Mzee Renz akashangaa. "Mimi nilisikia dekio linagonga ngazi Jumamosi asubuhi, nilikuwa nasikiliza redio. Tok, tok, mpaka kwenye kona. Nikaita, 'Habari za asubuhi, Eka!' Kimya. Nikasema leo kaamka vibaya."

"Na wewe, Bi Schwilk?"

"Sokoni. Kila Jumamosi niko sokoni, mtaa mzima unajua. Nikarudi nikakuta ngazi zinang'aa. Nikainama nikapitisha kidole kwenye pembe." Akaonyesha kidole chenyewe. "Safi! Nikajua hapa kuna jambo."

Ruoff akapanda mpaka mlango wa Mzee Renz. Kibao cha mbao kilining'inia kwenye kitasa, kimeandikwa kwa herufi za duara: Zamu ya Deki. Hakuna mtoto wa Stuttgart asiyekijua. Ukimaliza zamu yako, unakitundika kwa jirani anayefuata, kutoka juu kwenda chini, na kuanzia hapo uchafu wa nyumba nzima ni wake. Usipomaliza hukitundiki. Aliyekihamisha kabla ya kusafisha huongelewa mpaka kwenye mazishi yake.

"Nani amekigusa tangu Jumamosi?"

"Nikiguse kwa nini?" akasema Mzee Renz. "Zamu ninaanza kesho."

Ruoff akavaa glavu, akakitia kibao ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mnakamata kibao?" Bi Schwilk akauliza. "Na wiki hii nani atapiga deki?"

*

Jikoni kwa Eka kulikuwa na begi limefungwa tayari, limeegemezwa kwenye friji. Ruoff aliliona, hakulisema. Hakuketi pia. Alitembea kutoka dirishani kwenda mlangoni, mlangoni kwenda dirishani.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako. Dakta Stiefel, mwenzako wa kazini, anasema wewe ulitoka maabara Ijumaa saa kumi na moja. Yeye akaingia. Saa kumi na mbili akapiga filamu, na kwenye filamu kiogeleaji ni kimoja tu. Anasema alikagua kisahani chote kwanza, cha pili hakikuwepo. Kwa hiyo kiliondoka na wewe. Nimeiona hiyo filamu. Kweli ni kimoja."

"Nilipotoka vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kimenata kwenye kioo, pembeni. Huwa vinanata. Kukibandua bila kukivunja ni kazi ya saa nyingi, niliacha mpaka Jumatatu."

"Hiyo ni kauli yako dhidi ya yake. Na yeye ana filamu."

"Filamu hiyo sijaonyeshwa. Nimefungiwa mlango."

Ruoff akatoa simu yake. Eka akatazama mara moja. Akairudisha mwanzo, akatazama tena, uso ukiwa karibu na kioo cha simu. Kijiskrubu kilitokea kulia, kikapita katikati ya picha, kikatokea kushoto. Katikati ya safari picha yake ilififia, kikawa kama ukungu, halafu kikarudi wazi.

"Hapa," akasema.

"Ndiyo, Stiefel amekwisha kunieleza. Aligusa lenzi kwa kiwiko, ikasogea, picha ikakosa ukali."

"Ameigusa?" Eka akaweka kidole chini ya picha. "Hili doa la vumbi, unaliona? Limelala kwenye sakafu ya kisahani. Kiskrubu kinafifia. Doa je?"

Ruoff akaishika simu kwa mikono miwili. Akatazama doa tu, akaacha kiskrubu kijipitie. Doa lilikuwa kali kama nukta ya kalamu mwanzo hadi mwisho.

"Doa halikufifia."

"Lenzi ingesogea, vyote viwili vingefifia. Lenzi haikusogea. Kiskrubu ndicho kilichopanda juu, kikatoka mahali lenzi inapoona vizuri, halafu kikazama tena kwa uzito wake. Na kikiwa peke yake hakipandi, Inspekta. Kinakwenda kimeegemea upande mmoja, kama mlevi anayefuata ukuta, lakini hakipandi."

"Nini kinakipandisha?"

Eka akafungua kabati, akatoa kopo la asali. Akatia kijiti kimoja cha kushikia nyama, akachukua punje ya pilipili manga, akaizamisha kidogo karibu na kijiti.

"Kwetu maji ni mepesi. Kwa kitu kidogo kama kile, maji ni mazito kama hii. Kikiacha kuzunguka, kinasimama papo hapo, hakitelezi hata kidogo. Na kikizunguka, maji ya jirani yanazunguka nacho." Akakisokota kijiti kwa vidole. Asali ikageuka polepole, na punje ya pilipili, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kutembea kukizunguka kijiti. "Umeona? Sijaigusa."

"Endelea."

"Hapa kijiti kimesimama wima, kwa hiyo punje inakwenda pembeni. Kile cha kwenye kioo kimelala chali. Kikizunguka kimelala, upande mmoja maji yanapanda, upande wa pili yanashuka. Mwenzake akipita upande wa kupanda, ananyanyuliwa. Akishampita, anashuka."

Ruoff aliacha kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Lakini kwa nini kile kilichonata kizunguke? Stiefel alitaka kuendesha kimoja tu."

"Sumaku haichagui," akasema Eka. "Ukiiwasha, kila chenye chuma ndani ya kisahani kinazunguka. Huwezi kumwambia mmoja acheze na mwingine alale. Alikiweka nje ya picha, basi, akibandue baadaye. Kukinyamazisha hakuweza."

Mlangoni kukasikika kitu kikianguka. Ruoff akafungua ghafla. Bi Schwilk alikuwa amepiga magoti, anaokota ufagio.

"Nilikuwa nafagia."

"Zamu si yako."

"Kibao kimekamatwa! Sasa hakuna zamu, ni kila mtu na roho yake." Akachungulia ndani, akaona asali mezani, kijiti kikiwa kimesimama ndani yake. "Asali nzima hiyo! Kwa mchezo!"

*

Profesa Ortrun Leibold, mkuu wa maabara, alikuwa mwanamke mrefu asiyependa kusumbuliwa mchana. Alisumbuliwa. Ruoff alimtaka yeye mwenyewe awe kwenye hadubini, Dakta Volkmar Stiefel asimame upande wa pili wa meza, na askari asimame mlangoni akiwa na mkoba.

Stiefel alikuwa mtu nadhifu. Kalamu zake zilipangwa kwa urefu. Ruoff alipoweka kikombe chake cha kahawa mezani, Stiefel alikinyanyua, akatandika karatasi chini yake, akakirudisha.

"Tafadhali usijali," akasema. "Ni mazoea."

"Sijali hata kidogo," akasema Ruoff. "Profesa, naomba kile kilichobaki. Peke yake. Sumaku ileile, kasi ileile ya Ijumaa."

"Kwa kusudi gani?" akauliza Stiefel.

"Mimi mtu wa mtaani, Dakta. Napenda kuona kwa macho."

Kwenye kioo kikubwa ukutani kiskrubu kikajitokeza kulia, kikatembea kimeegemea upande, kikatokea kushoto. Kikali mwanzo mpaka mwisho.

"Tena."

Tena. Vilevile.

"Sasa nitilieni mwenzake. Cha kawaida, chochote. Kibandikeni pembeni ya njia yake."

Profesa Leibold akamtazama kidogo, kisha akainama. Ilichukua muda. Ruoff alizunguka meza, akasoma vibandiko vya friji, akasimama kwenye dirisha, akarudi. Stiefel hakusogea, alikuwa akiziweka kalamu sawa, ambazo tayari zilikuwa sawa.

"Tayari," akasema Profesa. Akaisogeza picha mpaka yule wa pembeni akatoka nje ya ukingo. Kwa macho, kisahani kilikuwa na kimoja tu.

Akawasha. Kiskrubu kikaja kutoka kulia. Kilipofika katikati kikapanda, kikafifia, kikawa ukungu. Chini yake mkwaruzo mdogo wa kioo ulibaki mkali. Kisha kikazama, kikaonekana tena, kikaenda zake.

Profesa Leibold akarudia mwenyewe bila kuambiwa. Halafu akafungua filamu ya Ijumaa, akaiweka kando ya hii, akaziacha zikimbie pamoja. Viskrubu vilipanda pamoja. Vilishuka pamoja.

"Volkmar," akasema, bila kugeuka. "Ulisema lenzi."

"Niligusa lenzi."

"Doa la vumbi halikuambiwa?"

"Profesa, yanaweza kuwa mambo mengi. Joto la maji. Povu dogo. Hata kama kulikuwa na kitu kingine mle, uchafu wa chuma..."

"Uchafu hauna uzi wa skrubu. Haumnyanyui mtu hivi." Sasa aligeuka. "Saa kumi na mbili vilikuwa viwili. Wewe uliangalia kisahani chote, ndivyo ulivyoandika, na ukakiona kimoja."

Stiefel akavuta pumzi. Alikuwa bado na pa kukanyaga, na alipakanyaga. "Sawa. Labda nilikosea kuona. Nilichoka. Kosa la macho si wizi. Kichupa hakikukutwa kwangu, kimekutwa nyumbani kwake, Heslach, ambako mimi sijawahi kuweka mguu."

"Kweli hujawahi?" Ruoff akauliza.

"Kamwe."

"Ila habari za ndoo yake ulizijua."

"Kila mtu hapa anazijua. Kila wiki ya zamu yake alikuwa analalamika wakati wa kahawa. Tulikuwa tunacheka."

"Na Ulm?"

"Alituaga wote Ijumaa."

Ruoff akamwita askari kwa kidole. Mfuko wa plastiki ukalala mezani kati ya kalamu, kibao kikionekana ndani yake kwa herufi zake za duara. Stiefel akakitazama, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikakosa kitu cha kupanga.

"Wewe mwenyeji wa wapi, Dakta?"

"Reutlingen."

"Jirani tu. Mama alikuwa mkali wa deki?"

"Kama mama wote wa kwetu."

"Ngoja nikusimulie, nawe uniambie nikikosea. Jumamosi kuna mtu aliingia nyumba ile wakati mlinzi wake yuko sokoni. Mlango wa nje ulikuwa wazi, wanapitisha hewa kila asubuhi hata kwenye baridi ya kuua. Akapanda mpaka ghorofa ya juu, akabonyeza kengele kuhakikisha hakuna mtu. Akashuka mpaka stoo, akaweka kichupa. Alipogeuka kutoka akaona nini? Nje kulikuwa na tope la theluji, chumvi na kokoto za barabarani. Nyayo zake zilikuwa zimejiandika kutoka juu mpaka chini. Akachukua dekio lililokuwa pale pale ndooni. Akifuta nyayo peke yake, utabaki mstari msafi kama barabara. Kwa hiyo akapiga zote. Mpaka hapo ni mwizi mwenye akili."

Profesa Leibold alikuwa amekaa kwenye kiti cha hadubini, mikono magotini.

"Ila mwizi wa kutoka Berlin angeishia hapo," Ruoff akaendelea. "Mwizi wa Hamburg asingepiga hata hiyo deki. Huyu alisugua pembe. Alifuta visanduku vya barua. Alikung'uta mkeka. Halafu, baada ya yote, akapanda tena ngazi, akakitoa kibao mlangoni kwa Bi Lomidze, akakitundika kwa jirani anayefuata. Zamu imekwisha, haki ya jirani imetimizwa. Kwa mikono mitupu, maana na glavu zilizoloa hakuna anayeshika mbao iliyopakwa nta. Tumekwisha pata alama za vidole vitano juu yake, nzuri ajabu, na si za mtu yeyote wa nyumba ile. Naomba zako, Dakta. Kwenye kikombe changu umekwisha ziacha."

Stiefel alikitazama kikombe juu ya karatasi yake.

"Matope yalikuwa yamefika mpaka juu," alisema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ndani yake kulikuwa na ubishi wa mtu anayejua yuko sahihi kwa jambo moja. "Mpaka ghorofa ya tatu. Ningeziachaje ngazi za watu vile?"

"Volkmar," akasema Profesa Leibold. "Umeiba kazi ya mwenzako. Umemzulia wizi. Halafu ukampigia deki?"

"Pembe zilikuwa na hali mbaya sana," akasema Stiefel. "Zilikuwa hazijasuguliwa miezi."

Kiogeleaji kilipatikana nyumbani kwake alasiri ile, ndani ya friji, nyuma ya haradali, kikiwa salama ndani ya kichupa chenye kibandiko kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri. Mahali pa jina la mbunifu palikuwa na jina la Stiefel. Kuna kampuni ya mji mwingine ilikuwa inamsubiri yeye pamoja na ngozi ile mpya. Profesa Leibold akampigia Eka simu mwenyewe. Kisha akapiga simu ya pili, kuufuta mkutano wa Alhamisi.

*

Ruoff hakuwa na sababu ya kurudi Heslach jioni ile. Ripoti ingeweza kungoja, kibao kingeweza kungoja zaidi. Kingebaki kwenye ghala la ushahidi mpaka kesi iishe. Lakini hakuwahi kuzoea kufunga jambo kwa simu, na alitaka kuziona nyuso. Akanunua kibao kipya kwenye duka la vifaa njiani, akapanda ngazi nacho mkononi.

Wote watatu walikuwa ngazini, kana kwamba hawakuondoka. Mzee Renz alikuwa kasimama kidato kimoja juu, Bi Schwilk kimoja chini, na katikati yao Eka, bado na koti lake, akiwa na ndoo na dekio.

"Anataka kupiga deki!" Mzee Renz akashitaki. "Nimemwambia zamu imekwisha pigwa!"

"Imepigwa na mwizi!" akajibu Bi Schwilk. "Haihesabiki. Tangu lini kazi ya mwizi ikahesabika?"

"Pembe zimesuguliwa au hazijasuguliwa?"

"Zimesuguliwa. Kazi nzuri, simpunji. Ila si yake huyu, na sheria ni sheria."

"Sawa, Bi Schwilk," akasema Eka. "Nitapiga. Ndiyo maana nimeshuka." Akaweka ndoo chini. "Nilikusikia ulivyowaambia polisi. Kwamba mimi ni mvivu, ninamwaga maji katikati kama anayebatiza paka, na kwamba kazi safi kama ile haiwezi kuwa yangu."

"Nimesema. Na nitasema tena."

"Ndilo lililoniokoa."

Bi Schwilk akapangusa mikono yake kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. Akamgeukia Ruoff kwa hasira, kwa vile Ruoff ndiye aliyekuwa karibu.

"Na wewe unachekelea nini? Hicho ni nini?"

"Kibao kipya. Nilitaka kujua nikitundike kwa nani."

Wakatazamana. Mzee Renz akatazama mlango wake. Eka akanyoosha mkono kukipokea. Bi Schwilk akawa mwepesi kuliko wote. Akakinyakua, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Kesho," akasema. "Kesho tutaamua zamu ya nani. Na wewe weka chini hilo dekio, unanidondoshea maji mlangoni." Kutoka nyuma ya mlango wake harufu ya dengu, siki na soseji za moshi ilikuwa imejaa ngazi nzima, na kwa muda wote ule hakuna aliyethubutu kuitaja. Katika miaka miwili, Eka hakuwahi kuuona mlango ule ukifunguka zaidi ya upana wa pua. Sasa Bi Schwilk aliusukuma kwa kiuno mpaka ukagonga ukuta.

"Vueni viatu, wote. Mzee Renz, na wewe, usijifanye husikii. Inspekta, pangusa miguu kwanza." Kisha akamtazama yule wa ghorofa ya juu, akamwita, mara ya kwanza, kwa jina lake. "Eka, mwanangu, ingia. Tambi nimekata mwenyewe kwa mkono, na dengu zinapoa."